Kuvusha Machungwa ya Muheza hadi Kongowea: Karatasi, Hesabu na Utaratibu wa Mpaka wa Horohoro

Chungwa likishakatwa mtini halisubiri karatasi. Mizigo mingi ya matunda inayokwama mpakani, kati ya Horohoro upande wa Tanzania na Lunga Lunga upande wa Kenya, ilianza kukwama shambani, siku mwenye mzigo alipovuna kwanza na kuuliza masharti baadaye. Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara mdogo wa Tanga anayetaka kupeleka machungwa, machenza au ndimu za Muheza, mkoani humo, hadi soko la Kongowea, Mombasa, kwa gari dogo la mizigo. Utamfaa pia anayepeleka kabichi na karoti za Lushoto au nazi, kwa sababu utaratibu unafanana kwa sehemu kubwa. Mahindi na mchele vina masharti ya ziada, nayo yamewekewa sehemu yake mbele.

Anza na mnunuzi

Hati inayotangulia zote haitoki Tanga. Ni kibali cha kuingiza mimea Kenya, na kinatolewa na KEPHIS, taasisi ya serikali ya Kenya inayosimamia afya ya mimea. Mwombaji ni yule anayeingiza mzigo, yaani mnunuzi wako wa Kongowea au wa Marikiti, soko jingine la Mombasa, na si wewe. Kibali hicho hutaja aina ya mmea, nchi unakotoka, kiasi, na masharti ambayo mkaguzi wa Tanzania lazima ayathibitishe. Bila hicho, mkaguzi wa upande wetu hana cha kulinganisha na mzigo.

Kwa hiyo, kabla hujampa mkulima hata senti ya kishika shamba, mwambie mnunuzi akutumie nakala ya kibali. Isome neno kwa neno. Je, muda wake haujaisha? Kiasi kilichoandikwa kinatosha mzigo wako? Kimeandikwa machungwa peke yake, au na machenza pia? Mnunuzi akikujibu kwamba "hilo tutalimaliza mpakani," tafuta mnunuzi mwingine. Kibali hutolewa kabla mzigo haujaondoka, na anayekuahidi kukipata getini anakuwekea hasara ambayo yeye hataibeba. Kibali cha mtu mwingine, au cha safari iliyopita, hakifai hata kama namba zake ni halisi.

Ukishapata nakala, nenda ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, uombe cheti cha usafi wa mimea. Mkaguzi atataka kuuona mzigo wenyewe. Kwenye cheti, kila aina huandikwa kwa jina lake la kitaalamu: machungwa ni Citrus sinensis, machenza ni Citrus reticulata, ndimu ni Citrus aurantiifolia. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Gari limebaki na nafasi, mtu anaongeza magunia mawili ya ndimu dakika za mwisho, na ndimu hazimo kwenye cheti. Mkaguzi wa Lunga Lunga ana haki ya kusimamisha gari zima mpaka ndimu hizo zishushwe, na machungwa yako yanakaa juani kwa ajili ya magunia mawili.

Cheti kinachotakiwa mpakani ni chenyewe halisi. Picha kwenye simu haitoshi.

Kinachotafutwa kwenye matunda

Wakaguzi wanaogopa wadudu wanaosafiri ndani ya tunda: nzi wa matunda, ambaye funza wake huonekana ukipasua tunda lililolainika sehemu moja, na nondo anayetoboa machungwa na kuacha kitundu kidogo chenye rangi ya kahawia. Wanatafuta pia madoa meusi ya ukungu kwenye ganda. Udongo na majani hayatakiwi kabisa, kwa kuwa hubeba magonjwa ambayo tunda safi halibebi. Baadhi ya wauzaji huacha vijani viwili vitatu kwenye kikonyo ili chungwa lionekane bichi. Sokoni hilo huvutia wateja, lakini mpakani ni sababu ya kukataliwa.

Vuna hivi. Subiri umande ukauke, kwani ganda la chungwa lililochumwa likiwa na maji hutoa mafuta likibanwa, na kesho yake lina mabaka ya kahawia. Kata kikonyo kwa mkasi karibu na tunda. Ukilivuta kwa mkono, ganda huchanika pale juu na uozo huanzia hapo. Usitikise mti, maana tunda lililoanguka chini halifiki Kongowea likiwa zima, hata kama leo halionyeshi jeraha. Chagua kivulini, mara mbili: kwanza ondoa yaliyotobolewa na yaliyopondeka, kisha tenga kwa ukubwa, kwa sababu mnunuzi wa Mombasa hulipa kwa ukubwa na hataki kuchambua yeye.

Magunia ya wavu yanapitisha hewa, ila matunda ya chini hupondwa. Makreti yanagharimu zaidi na hula nafasi, lakini yanakuokoa kwenye upotevu. Kwa gari la tani tatu na nusu lenye magunia, weka mbao au makuti makavu chini, usipange zaidi ya tabaka nne au tano, na uache upenyo katikati ili hewa ipite. Turubai lifunike juu tu, lisiteremke hadi chini pande zote. Usijaze lumbesa. Sheria ya vipimo ya Tanzania haikubali gunia la mazao kuzidi kilo 100, na gunia lililopachikwa kilemba litakusimamisha kwa Wakala wa Vipimo kabla hujafika hata Tanga mjini. Gunia la kilo 100 ni kubwa mno kwa matunda, kwa vyovyote. Kilo 50 hadi 60 huvumilia safari vizuri zaidi, na wapagazi hawalitupi.

Jambo jingine dogo lenye adhabu kubwa: mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mifuko ya kubebea tangu Agosti 2017, na adhabu iliyomo kwenye sheria ni faini ya shilingi za Kenya milioni 2 hadi 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania ilifuata Juni 2019. Kagua mizigo ya dereva na utingo pia. Mfuko wenye nguo zake ni mfuko.

Cheti cha uasili na kikomo cha dola 2,000

Tangu Januari 2005, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki umeweka msingi kwamba bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi mwanachama haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine mwanachama. Lakini afisa haamini kwa macho kwamba chungwa ni la Muheza. Kinachomwambia hivyo ni cheti cha uasili wa bidhaa.

Mzigo wenye thamani isiyozidi dola za Marekani 2,000 unaingia kwenye utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Fomu yake ni fupi, hujazwa palepale mpakani kwa afisa wa forodha, na hakuna haja ya kumlipa wakala wa forodha. Bidhaa lazima iwe kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi zinazopakana. Matunda na mboga mbichi za kwetu kwa kawaida zimo, lakini iangalie orodha iliyobandikwa kituoni kabla ya safari ya kwanza. Mzigo ukizidi dola 2,000, unahitaji cheti kamili cha uasili, pamoja na tamko la forodha kupitia wakala mwenye leseni.

Fanya hesabu kabla. Kwa mfano tu, tuseme dola moja inabadilishwa kwa shilingi 2,500 siku hiyo. Dola 2,000 zitakuwa shilingi milioni 5. Chungwa la wastani lina uzito wa gramu 150 hadi 200, kwa hiyo tani tatu ni machungwa kati ya 15,000 na 20,000. Ukiuza kila moja kwa shilingi 150, matunda 20,000 yanafika milioni 3 na uko ndani ya kikomo. Bei ikipanda hadi 300, gari lilelile lina mzigo wa milioni 6 na umetoka nje. Kiwango cha dola kinachohesabiwa ni cha forodha, si cha duka la kubadilishia fedha, basi acha nafasi ya kupumulia.

Kugawa mzigo mmoja kwa majina mawili matatu ili kila kipande kionekane kidogo ni udanganyifu wa thamani. Maafisa wanaujua mchezo huo vizuri: gari moja, shamba moja, mnunuzi mmoja, vyeti vitatu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifisha bidhaa, na gari lililozibeba pia.

Kuna kosa la pili hapa, na hili hufanywa bila nia mbaya. Mfanyabiashara wa matunda anachanganya machungwa ya Muheza na makasha machache ya matofaa kutoka Afrika Kusini aliyoyanunua Dar es Salaam. Tofaa hilo limepita Tanzania, ila halikuzalishwa hapa. Halipati cheti, litatozwa ushuru kama bidhaa ya nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na likifichwa chini ya machungwa linachafua mzigo mzima. Litamke peke yake, au liache nyumbani.

Na jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi: utaratibu uliorahisishwa unaondoa ushuru wa forodha na mlolongo wa wakala. Hauondoi cheti cha usafi wa mimea. Hauondoi kibali cha mnunuzi. Hauondoi ushuru wa halmashauri. Watu wamefika Lunga Lunga wakiwa na cheti cha uasili mkononi, wameamini kazi imekwisha, na machungwa yakaozea yadi.

Ushuru wa halmashauri

Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine alisamehewa. Lipa Muheza, chukua risiti ya mashine, uiweke pamoja na hati nyingine. Kizuizi cha Mkinga hakina sababu ya kukutoza tena kwa mzigo uleule ukionyesha risiti hiyo. Ukiulizwa malipo bila risiti, omba jina la malipo liandikwe. Mara nyingi ombi hilo peke yake linatosha.

Hati za mtu na za gari

Hapa pana imani potofu iliyoenea sana Tanga, hasa kwa wenye ndugu ng'ambo. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao watumie vitambulisho vya taifa kuvuka mipaka yao. Tanzania haimo kwenye makubaliano hayo. Kitambulisho cha NIDA hakikuvushi. Unahitaji pasipoti, ambayo kwa sasa hulipiwa shilingi 150,000, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Mwenye safari za kila wiki apate pasipoti, na aangalie idadi ya kurasa zilizobaki, kwani mihuri hujaa haraka.

Raia wa jumuiya haombi viza ya Kenya wala idhini ya kielektroniki wanayoombwa wageni wengine tangu Januari 2024. Atagongewa muhuri wa kukaa hadi miezi sita bila malipo. Muhuri huo ni wa kutembelea, kununua na kuuza mzigo wako. Ukikodi kibanda Kongowea ukauza rejareja mwezi baada ya mwezi, umeshaingia kwenye habari za vibali vya kazi na leseni, na muhuri wa mgeni hautakulinda. Beba pia kadi ya homa ya manjano. Chanjo moja inatosha maisha yote tangu utaratibu wa kimataifa ulipobadilishwa mwaka 2016, kwa hiyo usikubali kuuziwa nyingine kwa sababu tu kadi ni ya zamani.

Gari linahitaji kadi yake ya usajili, barua ya mwenye gari ikiwa si lako, na bima ya kuvuka mpaka inayojulikana kama kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilitoka COMESA, ila imebaki kwenye mpango huo wa bima. Bima ya kawaida ya Tanzania inaishia kwenye geti. Upande wa Kenya utapewa kibali cha muda cha gari. Soma tarehe yake papo hapo.

Siku ya safari

Pakia jioni, ondoka Muheza usiku mkubwa, ufike Horohoro mapema asubuhi. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami, na kutoka Lunga Lunga hadi Likoni, kwenye kivuko cha kuingia Mombasa, ni kama kilomita 100. Umbali si tatizo. Tatizo ni saa za wakaguzi wa mimea, ambao hawakai kituoni usiku kucha kama walivyo askari. Ukifika Ijumaa alasiri na mzigo unaohitaji ukaguzi, umejipangia kulala.

Kituo ni cha pamoja. Maana yake, anayekwenda Kenya anamaliza habari za nchi zote mbili upande wa Lunga Lunga, na anayerudi anamaliza upande wa Horohoro. Maafisa wa Tanzania na wa Kenya wanakaa jengo moja. Fuata mpangilio huu: uhamiaji kwanza, wewe, dereva na utingo, kila mmoja na pasipoti yake. Kisha wakaguzi wa mimea, ukiwa na kibali cha mnunuzi na cheti cha TPHPA. Kisha forodha, kwa cheti cha uasili. Mwisho kibali cha gari. Ukianza na forodha utarudishwa kwa wakaguzi, na foleni uliyoiacha haikungoji.

Majina yafanane. Jina kwenye pasipoti, kwenye cheti cha uasili na kwenye cheti cha usafi wa mimea liwe moja, herufi kwa herufi. "Mwanahamisi" kwenye hati moja na "Mwana Hamisi" kwenye nyingine ni saa mbili za maelezo.

Vishoka, yaani mawakala bandia, watakujia kabla hujashuka. Watasema mtandao umekatika, watasema afisa ni shemeji yao. Pasipoti na hati halisi hazitoki mkononi mwako isipokuwa kwa mtu aliye nyuma ya dirisha la ofisi. Mzigo ukizuiwa, uliza sababu iandikwe: kifungu gani, hati gani inakosekana, nani wa kuirekebisha. Kizuizi kisicho na msingi kina jina na utaratibu wake kisheria. Jumuiya ilipitisha sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru mwaka 2017, na kila nchi ina kamati ya taifa inayopokea malalamiko hayo. Lalamiko lisilo na tarehe, jina la kituo na nakala ya hati halifiki popote.

Kuhusu njia za panya. Ufuko wa Moa, Jasini na Vanga una Wadigo na Wasegeju waliooana vizazi na vizazi, na mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 kuanzia mlango wa mto Umba haukuwauliza. Mpaka ulipofungwa kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983, familia hizo ndizo zilizoumia zaidi. Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu anaona dau la usiku ni jambo la kawaida. Lakini mzigo wa biashara uliopita bandari bubu hauna cheti, hauna bima, na mnunuzi akikudhulumu huna pa kushtaki. Madalali wanajua hilo na bei wanayokupa inaonyesha.

Mahindi na mchele

Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kisha ndani ya siku chache ikafungua kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo yanahusu maabara, si macho. Kausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, pima kwa kipimo, usitegemee kung'ata punje, na upeleke sampuli iliyochotwa kutoka magunia mengi tofauti, kwani sumukuvu hukaa kwa mafungu na gunia moja halisemi habari za lingine. Upande wa Tanzania, anayetoa nafaka nje anatakiwa kuwa na leseni ya biashara na kibali cha Wizara ya Kilimo.

Mchele unatazamwa kwa jicho kali kwa sababu ule unaotoka nje ya jumuiya hutozwa ushuru wa forodha. Cheti cha uasili cha mchele kitahojiwa, basi beba na risiti za shambani na za kinu.

Mnunuzi Mkenya akija Muheza

Hadi hivi karibuni wanunuzi wengi walikuja wenyewe hadi shambani na kununua mtini. Agizo la serikali ya Tanzania la Julai 2025 lilitaja ununuzi wa mazao shambani kuwa miongoni mwa biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya. Faini kwa mgeni ni kuanzia shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na raia anayemkingia kifua anaweza kutozwa milioni 5 au kufungwa miezi mitatu. Sasa mgeni anunue kwako, wewe mfanyabiashara au ushirika, kwa hati na risiti, na mkulima alipwe nawe. Ukijifanya mnunuzi huku fedha na maamuzi ni ya mgeni, wewe ndiye utakayeulizwa.

Malipo yakubaliwe kwa maandishi kabla ya mkasi kugusa mti: bei kwa tunda au kwa kilo, nani anabeba yatakayooza njiani, yatahesabiwa wapi, Muheza au Kongowea. Chukua angalau gharama ya kuvuna na ya gari mbele. M-Pesa ya Safaricom na ya Vodacom hutumiana fedha kati ya nchi hizi mbili na zinaacha kumbukumbu. Wabadilishaji wa mkononi pale mpakani hawaachi.

Kurudi

Gari tupu linaloingia Horohoro huwa na kishawishi cha kubeba sabuni, mafuta ya kupikia na vyombo. Bidhaa ya kiwandani ya Kenya yenye alama ya ubora ya nchi hiyo inatambuliwa Tanzania, na inahitaji cheti chake cha uasili kilichotolewa upande wa Kenya. Ukikisahau huko, utatozwa kama umetoka mbali. Usibebe dawa za binadamu wala za mifugo, na usiguse vifaranga wala mayai ya kutotolesha bila kibali cha mifugo: mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa.

Kabla hujatoka, hakikisha forodha ya Kenya imefunga kibali cha muda cha gari kwenye mfumo. Dereva akipita bila kukifunga, safari ijayo mfumo utaonyesha gari bado liko Kenya na muda wake umepita, na faini italipwa huku machungwa mapya yakiwa juu ya gari.